Mdhamini wa Pili

Mtandao hupatikana juu ya kichuguu
nyuma ya choo cha wagonjwa, kuanzia saa nne usiku,
watu wa Yumbe wakishalala na kuacha kuuvuta.
Nimepanda na kanga, simu, na dawa ya mbu.
Chuo kinafunga dirisha saa sita kamili.

Jina: kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa.
Anwani: hapo nimekwama tangu Jumatatu.
Niandike Muheza, ambako mama bado ananitandikia kitanda,
au hapa, mwaka wa pili na miezi mitatu,
ambapo mbwa wa kituo ameacha kunibwekea?

Swali la tisa: Toa mfano mmoja
unaoonyesha huruma yako. Maneno mia mbili.
Niliuandika. Mtoto wa miaka minne, degedege,
baba yake amemfunga mgongoni kwa shuka,
baiskeli usiku kucha kutoka upande wa mpakani.
Niliandika vizuri. Nikapanga na mikato.
Kisha nikaona nimemuua kwenye neno la mia na tisini
ili mimi nibaki na kumi ya kujifunza kitu.
Nikafuta.
Yule baba alirudi wiki iliyofuata kutuletea ufuta,
kiasi cha kiganja,
ndani ya soksi ya mtoto.

Mdhamini wa kwanza: mwalimu wangu wa baiolojia, tayari.
Mdhamini wa pili: mtu aliyekusimamia kazini.
Candiru, nikaandika. Mkunga. Miaka ishirini na sita.
Jina lake kwa Kilugbara ni taabu;
yeye husema alipewa ili taabu ikija
ikute mahali pamekaliwa.
Barua pepe ya taasisi:
hana. Ana kitochi kilichofungwa kwa mpira wa glavu.
Nikaweka nukta. Fomu ikawa nyekundu.
Nikaweka namba ya kitochi. Nyekundu, jicho la mlevi.

Nikashuka. Alikuwa anachemsha mikasi.
Alicheka mpaka akaweka koleo chini.
"Andika hivi," akasema, kwa Kiswahili chake
alichookota kwa askari na wachuuzi wa samaki wakavu,
Kiswahili ambacho babu yangu
angekikalisha mkekani akifundishe ngeli:
"Huyu mtoto alikuja hapa iko naogopa damu.
Sasa iko naogopa uchafu. Hiyo ni mzuri.
Usiku anaamka mbele ya mimi kumuita.
Mdomo yake mingi. Lakini mama akisukuma,
yeye ananyamaza."

Nikayapandisha kichuguuni
kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko.
Swali la tisa lilikuwa bado tupu.
Nikayamwaga pale, bila kugusa ngeli hata moja,
na jina lake chini.
Kwenye mdhamini wa pili nikamwandika
mganga mkuu wa wilaya, mwenye barua pepe nzuri,
aliyewahi kunipa mkono mara moja
huku akitafuta tauli.

Dakika saba. Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
nikakishikia pumzi.
Imepokelewa.

Sikupata hata nafasi ya kukaa.
Mama kutoka Odravu ameletwa kwa bodaboda, njia sentimita nane,
umeme wa jua umekwisha tangu magharibi.
Nikaichukua taa, nikasimama begani kwake kushoto,
pale pale, palipochakaa sakafu kwa miguu yangu.
Candiru hakugeuka. Alisema
kama anayeomba apewe pamba:
"Wakikubali wewe, taa nani anashika?"

Hakuniwekea kikomo cha maneno.
Nikaisogeza taa karibu kidogo,
pale alipokuwa anatazama.